Nyumbani Mwetu: Kiangazi pamoja na Tutaona



Kiangazi kinaelekea mwisho. Hapa Kalemie upepo wa kusini ungali unapiga, mawimbi yanagonga mchanga usiku kucha, na vumbi linaingia hata ndani ya sufuria iliyofunikwa. Watoto wako katika vakansi kubwa tangu mwezi wa saba. Kila mama anajua maana yake: kuanzia saa kumi na mbili asubuhi nyumba imejaa miguu, maswali na njaa.

Wengine kati yenu mmetuuliza, mkitukuta njiani kwenda sokoni, habari za yule mbwa wetu mdogo. Mmoja aliuliza akicheka, mwingine aliuliza kwa hasira. Tumeona ni vema tuwaelezee wote mara moja, kwa sababu mambo yaliyotupata kiangazi hiki yanaweza kuipata nyumba yoyote yenye mbwa na watoto.

Alivyofika kwetu

Mbwa huyu aliletwa na mjomba wa watoto mwaka jana. Alitoka naye upande wa Maniema, kwa treni, ndani ya kitunga kilichofungwa kwa kitenge kizee. Safari ilichukua siku nyingi, kama kawaida ya treni yetu. Kitunga kilipofunguliwa tuliona kitu kidogo chekundu chenye miguu myeupe, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo kama sikio la kikombe. Watoto walipiga kelele ya furaha. Sisi wakubwa tulitazamana. Unga ulikuwa umepanda bei, na huyu naye ni tumbo. Papa wa nyumba aliuliza, "Tunamlisha nini?" Bibi, aliyekuwa akichambua sombe, hakuinua hata kichwa. Alijibu, "Tutaona."

Basi watoto wakalishika neno hilo. Tangu siku ile anaitwa Tutaona.

Mwanzoni tulidhani ni mgonjwa, maana hakubweka. Mbwa wa jirani wakipiga kelele usiku, yeye anakaa kimya. Akifurahi, anatoa sauti ndefu inayopanda na kushuka, kama mama anayebembeleza mtoto huku amechoka. Tena anajilamba na kujisafisha kama paka. Binti yetu mkubwa, anayependa kusoma, ndiye aliyetufumbulia fumbo. Mbwa wa namna hii ni wa nchi yetu kabisa. Wazungu wanamwita Basenji, na jina hilo limetoka katika Kilingala, katika lile neno ambalo Kiswahili pia kinalo: washenzi. Mbwa wa washenzi! Tusi walilotutukania sisi, wakampa na mbwa wetu. Lakini mwaka 1895, walipomwonyesha kwenye maonyesho makubwa ya mbwa ya Crufts kule London, walimpa pia jina lingine: terrier wa Kongo. Wale wa kwanza waliopelekwa walikufa kwa ugonjwa upesi. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 1937 ndipo wengine wakaishi na kuzaa kule Uingereza.

Terrier ni neno lililotoka kwa Wafaransa, na ndani yake mnasikia neno lao la udongo. Ni mbwa wadogo wanaoingia mashimoni kutoa panya na wanyama wengine. Hawaogopi na hawatulii. Kwa vitabu, Basenji si terrier wa kweli. Lakini ukimwona Tutaona akichimba chini ya ghala letu, mchanga unaruka nyuma mpaka kwenye nguo tulizoanika, huwezi kuwalaumu wale waliokosea jina. Huko kwao msituni wawindaji humfunga kengele ya mti, kwa sababu habweki na wangempoteza katika majani. Sisi tulimfunga kengele ndogo ya chuma, ili tujue anaiba wapi.

Siku zetu za kiangazi

Tuseme ukweli, ametupa furaha. Kabla yake, panya walikuwa wanakula pamoja nasi. Mahindi tuliyoweka kwa ajili ya bukari ya miezi migumu yalikuwa yanatobolewa magunia, na sumu ya panya tuliiogopa kwa sababu ya watoto. Tutaona alipopata nguvu ya miguu, vita ilianza. Asubuhi tunakuta panya wamepangwa mbele ya mlango, mmoja, wawili, siku moja walikuwa watano, naye amekaa pembeni na kifua mbele kama askari anayengoja mshahara. Mwaka huu tumeshona gunia moja tu. Mama mwenye ghala anajua faida ya jambo hilo.

Asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali, vijana wanaenda naye mpaka ufukoni kutazama mitumbwi ya ndagala ikirudi. Anapenda mchanga kuliko maji. Wimbi likija anakimbia, likirudi analifukuza, na akiona limemshinda anaimba. Wavuvi wanamjua. Lakini tumewawekea watoto sheria moja isiyojadiliwa: hakuna kufika naye kwenye majani marefu, wala kule Lukuga inakotoka ziwani, asubuhi na mapema wala jioni. Mamba wapo. Mbwa anayecheza kando ya maji anamwita mamba, na mtoto anayemkimbilia mbwa wake hatazami mbele.

Mchana anatafuta kivuli chini ya mwembe na kulala. Tumejifunza kumwekea maji safi katika sahani nzito asiyoweza kuipindua, na kuibadilisha mara mbili kwa siku, maana vumbi linaijaza. Chakula chake ni bukari iliyobaki, vichwa vya ndagala, na mchuzi ambao hatukutia kitunguu, kwa sababu kitunguu ni sumu kwa mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hatumpi. Inavunjika kama sindano na kumchoma ndani.

Jambo lingine la kiangazi ni funza. Wanapenda vumbi, na wanaingia katika miguu ya mbwa kama wanavyoingia katika miguu ya watoto. Tulikuwa tunawatoa watoto funza kila Jumamosi na wanarudi, mpaka siku tulipotazama vidole vya Tutaona. Ndiye aliyekuwa anawaleta! Sasa tunamwaga maji na kufagia pale anapolala, na Jumamosi tunatazama miguu yote ya nyumba, ya watu wawili wawili na ya mbwa minne. Mavi yake tunayafukia mbali na mahali watoto wanapochezea mchanga, kwa sababu yana minyoo. Dawa ya minyoo naye anakunywa.

Jioni, mbabula ikiwashwa na bibi akianza hadithi zake, anajikunja karibu na miguu yake. Bibi husema hampendi. Lakini tumemwona akimdondoshea ndagala nzima, si kichwa.

Siku ile ya Alhamisi

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe.

Katikati ya mwezi wa saba, siku ya Alhamisi, sisi wamama tulikuwa tumekaa chini ya mwembe kwa likelemba ya kila juma. Watoto wa avenyu yote walikuwa wanacheza katika parsele yetu. Tutaona alikuwa nyuma ya jiko anakula. Kijana wa jirani yetu, mwenye miaka sita, alitaka kucheza naye. Akavuta sahani. Tukasikia mlio, kisha kilio.

Alikuwa amemuuma mkononi. Jeraha halikuwa kubwa. Meno mawili, damu kidogo. Lakini wamama, wakati ule mtu haangalii ukubwa. Mama yake aliruka na kumbeba. Mmoja akasema aletwe jiwe jeusi lifungwe juu ya kidonda, livute sumu. Mwingine akasema pilipili. Mwingine akasema mafuta ya petroli. Na wanaume waliokuwa barabarani, waliposikia neno mbwa, walikuwa wameshika fimbo tayari.

Alikuwapo kati yetu mama mmoja aliyefanya kazi miaka mingi ya uuguzi. Hakupiga kelele. Alimshika kijana, akampeleka penye ndoo, akasema, "Sabuni. Na mtu wa kumwaga maji." Akaosha kidonda kile, maji yanatiririka, sabuni tena, maji tena. Tulidhani amemaliza, akaendelea. Dakika kumi na tano nzima, anahesabu kwa saa. Alituambia, "Ugonjwa wa kichaa cha mbwa unakaa katika mate. Sabuni na maji vinaondoa mengi kabla hayajaingia. Jiwe haliondoi kitu. Pilipili na petroli vinachoma nyama tu." Kisha akawageukia wale wenye fimbo. "Na mbwa asiuawe. Mkimwua leo, mtajuaje kama alikuwa mgonjwa? Mfungeni. Tumtazame siku kumi."

Kwenye kituo cha afya tuliulizwa swali moja tu: "Karatasi ya chanjo ya mbwa iko wapi?"

Hatukuwa nayo.

Hapa ndipo aibu yetu ilipo, na hatutaificha. Tulijua kwamba mbwa huchanjwa akitimiza miezi mitatu, kisha kila mwaka. Tangu mwezi wa tatu tulikuwa tunasema mwezi ujao. Kwanza pesa ya masomo, kisha bati la jiko, kisha matanga ya shangazi. Mbwa haombi chanjo jinsi mtoto anavyoomba kalamu. Tulisahau kwamba anayekosa chanjo si mbwa peke yake. Ni watoto wote wa avenyu.

Siku kumi

Muuguzi alitueleza bila kuficha. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili kuna nafasi, kwa sababu ugonjwa huchukua majuma, mara nyingi miezi, kufika kwenye ubongo. Chanjo ikiwahi, mtoto anaokoka. Kwa hiyo kijana lazima aanze siku ile ile, kisha baada ya siku 3, kisha baada ya siku 7, na kuendelea. Kituo hakikuwa na dawa. Ilitafutwa mjini mpaka ikapatikana, na bei yake ilitufanya tukae chini.

Juma lile zamu ya likelemba ilikuwa ya mama mwingine, aliyengoja miezi kununua cherehani. Alichukua bahasha, akaiweka katika mikono ya mama wa kijana, akasema, "Cherehani haiumwi." Sisi wenye mbwa tulichukua deni lile lote juu yetu, na tunalilipa mpaka leo kila Alhamisi. Ni haki.

Kisha tukaanza kuhesabu. Tutaona alifungwa kwa kamba nyuma ya jiko, ndani ya uzio wa miti, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kumkaribia. Papa wa nyumba ndiye aliyemsukumia chakula kwa mti mrefu. Tuliambiwa dalili za kutazama: mbwa mpole anakuwa mkali, au mkali anakuwa mpole kupita kiasi, mate yanamtoka mengi, anashindwa kumeza, taya linalegea, miguu inamshinda, anauma hata miti na mawe.

Jaribuni kuishi hivyo siku kumi. Akilala sana, tunasema ameanza. Akiruka sana, tunasema ameanza. Siku ya nne hakugusa chakula asubuhi, na nyumba nzima haikugusa chakula pia. Mchana akala. Watoto wetu walilala wakilia, na yule wa mwisho aliuliza usiku, "Mama, akifa Tutaona, mwenzangu naye atakufa?" Tulimjibu kwamba mwenzake anapata dawa. Lakini sauti yetu haikuwa na nguvu.

Mama wa kijana alikuja kila jioni. Hakuingia, hakuketi. Alisimama kwenye uzio na kutazama kama mbwa anakunywa maji, kisha akarudi kwake. Miaka tisa tumeazimana chumvi na moto, na sasa hatukuwa na neno la kuambiana. Tunaamini hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko deni.

Siku ya kumi, Jumapili, tuliamka kabla ya jua. Tutaona alikuwa amesimama juu ya miguu minne, mkia umejikunja. Alipomwona papa na sahani, aliimba. Aliimba kwa sauti mpaka mbwa wote wa mtaa wakaitikia. Alikula yote, akalamba sahani, akatafuta nyingine. Muuguzi alifika kumwona, na yeye ndiye aliyesema kwamba kijana, aliyekwisha kupata sindano zake tatu, anaweza kuishia hapo, kwa kuwa mbwa ni mzima.

Jioni mama wa kijana alikuja. Safari hii aliingia, akaketi, akaomba maji. Alisema, "Basi, tumeona." Tukacheka mpaka machozi, na machozi hayakuwa ya kicheko tu.

Mama wa Alsace

Binti yetu alitusomea tena, na hili tunawapa wamama wote. Mwaka 1885, katika nchi ya Alsace, mtoto wa miaka tisa aitwaye Joseph Meister aliumwa vibaya na mbwa mwenye kichaa. Wakati ule hapakuwa na dawa yoyote. Mama yake alisikia kwamba kule Paris kuna mtaalamu, Louis Pasteur, anayejaribu chanjo kwa wanyama. Hajaijaribu kwa mtoto kwa namna ile. Mama yule alimchukua mwanawe na kusafiri naye. Tarehe 6 mwezi wa saba Joseph alipata sindano ya kwanza, akafuatiwa na nyingine siku baada ya siku, na akaishi. Pasteur alikufa tarehe 28 mwezi wa tisa mwaka 1895, na hiyo ndiyo sababu dunia inakumbuka vita dhidi ya kichaa cha mbwa kila tarehe 28 ya mwezi huo. Sisi tunamkumbuka pia mama aliyepanda safari bila kujua mwisho wake.

Kile ambacho hakikuwapo kwa mama yule, kwetu kipo. Shirika la afya la dunia linasema kwamba karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu waliupata kwa mbwa, na kwamba mbwa saba katika kumi wakichanjwa mahali fulani, ugonjwa unakatika pale. Haihitaji hata wote. Saba katika kumi.

Mbwa wa avenyu yetu

Baada ya mambo hayo, kikundi chetu kilihesabu mbwa wa avenyu. Walikuwa kumi na mmoja. Kumleta daktari wa mifugo kwa mbwa mmoja ni ghali. Kwa mbwa kumi na mmoja, kila nyumba ilitoa kidogo, na mama wawili wajane walitolewa na wengine. Alikuja Jumamosi asubuhi. Vijana walishika mbwa wao wenyewe, mmoja akachanika shati, mbwa mmoja alikimbia na kurudishwa kutoka sokoni. Tutaona alikuwa wa kwanza. Aliimba kwa hasira, kisha akapewa ndagala na kijana yule yule wa jirani, mkono wazi, mama yake akiwa amesimama nyuma yake.

Karatasi yake ya chanjo sasa imefungwa katika plastiki pamoja na kadi za chanjo za watoto. Mahali pake ni hapo.

Kwa wamama watakaokata ukurasa huu na kuuweka ukutani, tunaacha maneno machache:

Mtoto akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, osheni kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15. Msitie pilipili, petroli, majani wala jiwe jeusi.

Mpelekeni kwenye kituo cha afya siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo, hata kama mbwa ni wa nyumbani.

Msimwue mbwa anayejulikana. Mfungeni mbali na watoto, mtazameni siku 10. Akitoweka au akifa, semeni upesi kwa muuguzi.

Wafundisheni watoto: mbwa anayekula, anayelala au mwenye watoto wadogo haguswi. Mbwa asiyejulikana akija, simama kama mti, usikimbie.

Na mbwa wa nyumba achanjwe kabla ya bati la jiko.

Tunapoandika haya, saa kumi jioni, upepo umetulia kidogo. Vijana wako ufukoni. Kengele ndogo inasikika chini ya ghala, na mchanga unarukia tena nguo zetu. Bibi anamtukana kutoka kwenye mkeka wake. Juma mbili zimebaki kabla ya masomo, basi watoto wafurahi.

Juma lijalo tutaongea juu ya kushona upya sare za mwaka jana. Mama wa cherehani amepata zamu yake, na ameahidi kutufundisha.

Mbaki salama.